Mayungiyungi Yako Yamefika Bugeshi

Mama,

Nyumba ya Nyamyumba haipo tena. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, halafu ungeuliza kama nimekula. Nimekula. Nyumba imebomolewa, na si kwa ubaya wa mtu yeyote. Ulipotuacha, mvua iliendelea kunyesha kama vile haijasikia kwamba kuna msiba, na ule ufa wa juu ya dirisha la chumba chenu, ambao Baba aliuziba kwa saruji kila mwaka na kutangaza kwamba umekwisha, ulishuka mpaka sakafuni. Asubuhi moja nikaweza kupitisha mkono. Viongozi wa mtaa wakaja na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama ukutani, wakasema mlima ule unaporomoka, si wa kulalia tena, tuondoke kabla ya mvua nyingine. Majirani wa juu walikuwa wameshaondoka. Mimi sikubishana.

Aliyebishana ni Baba. Alikaa kwenye kiti chake barazani akawaambia kwamba yeye alishahama mara moja maishani, kutoka Karagwe kuja hapa, na kwamba hiyo mara moja inamtosha. Walimsikiliza kwa adabu, wakatupa muda wa kujipanga. Jioni Kalisti akapiga simu kutoka Kigali: Baba aje kwangu, nina chumba. Unamjua mwanao. Moyo wake mzuri, lakini akiongea utadhani anapanga viti vya mkutano. Na hicho chumba nakijua, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Baba angekaa humo mbele ya televisheni toka asubuhi, hajui jina la mtu yeyote mtaani, na nakuapia Mama, angekufuata upesi. Nikasema hapana. Kiko kiwanja cha Bugeshi alichoachiwa na marehemu kaka yake, na kile kinyumba chenye vyumba vitatu. Nikasema tunakwenda Bugeshi, mimi na Baba na cherehani yangu.

Baba aliinuka kwenye kiti chake. Halafu akasema maneno ambayo yamenitesa tangu siku ile. Alisema, "Chukua maua ya mama yako. Yakishika huko, na mimi nitashika. Yasiposhika, nakwenda kwa Kalisti."

Baba huyohuyo! Yeye aliyeyaita vitunguu visivyolika miaka yote ya ndoa yenu. Yeye aliyekuuliza mbele ya wageni kama unajua kwamba mahali pale pangeweza kuota maharagwe ya kulisha watu sita. Nilidhani ananitania. Nilipoingia chumbani nikamkuta anapanga nguo zake kwenye lile begi la kahawia, nikajua hatanii.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea. Kinyarwanda kilikuwa cha kanisani na cha wageni, lakini Kiswahili ulikuja nacho kutoka Karagwe pamoja na sufuria na maua, na kikabaki kuwa chetu cha kuchekana na kugombana. Baba alipotaka kukuudhi alikujibu kwa Kinyarwanda cha heshima, kile cha kuzungumza na mapadri. Siku hizi hana wa kumuudhi. Mimi ninajaribu, lakini anasema sina uvumilivu wako.

Basi nikayang'oa maua, mayungiyungi yako yote. Wakati wa ikiriyo, siku zile ambazo watu walikuja kukesha na sisi, hakuna aliyegusa jembe, kama desturi inavyotaka, kwa hiyo magugu yalikuwa yamejaa kando ya kijia chako mpaka magotini. Nilipiga magoti nikaanza mlangoni nikashuka kuelekea barabarani. Nilikumbuka ulivyonifundisha: chimba mbali kwanza, ingia kwa chini, usivute majani kamwe, anayevuta majani anabaki na majani. Ulikuwa pia ukisema nisubiri majani yageuke manjano yenyewe. Hilo sikuweza, Mama. Mlima haukunipa nafasi hiyo.

Nilichokikuta chini kilinishangaza. Nilidhani ni safu moja ya vitunguu, kumbe chini kulikuwa na ukoo mzima. Vikubwa kama ngumi ya Baba, na kila kimoja kimezungukwa na vitoto vyake, vingine vimebanana mpaka vimekuwa bapa. Nilikuta pia kile kijiko cha chai nilichokipoteza ukanichapa, nilipokuwa darasa la nne. Nilicheka peke yangu pale chini, halafu nikalia, halafu nikaendelea kuchimba kwa sababu jua lilikuwa linakwenda. Nilivikung'uta udongo, nikavitandaza kwenye kanga chini ya kitanda cha Baba, mahali penye kivuli, vikauke. Baba alilala juu yake siku zote hizo, na mara moja tu aliniuliza kama panya hula vitu vile.

Siku ya kuhama tulikaa watatu mbele kwenye pikapu, dereva, Baba na mimi. Vitu vyote vilikuwa nyuma, hata cherehani, lakini Baba alikataa kuliachia begi lake na mimi nilikataa kuliachia kapu la maua. Tulikwenda hivyo, kila mmoja amepakata mzigo wake, tukapita mjini Gisenyi, tukaliacha ziwa nyuma, tukaanza kupanda. Dereva aliuliza kama tumegombana. Baba akamjibu kwamba bado.

Bugeshi uliijua kwa kuipita tu. Sasa nikueleze. Ni juu, ni baridi, na asubuhi volkano inakuwa imekaa nyuma ya nyumba karibu sana. Pande zote ni viazi. Viazi mpaka kwenye uzio, viazi mpaka nyuma ya choo. Udongo wake ni mweusi na mwepesi, umechanganyika na mawe ya volkano yenye matundu, ambayo watu wanayapanga kuwa kuta za mashamba. Mimi niliushika ule udongo mkononi nikasema hapa maji hayatuami, hapa Mama angepapenda. Baba alisema tu kwamba hapa Mama angevaa soksi.

Jioni ya kwanza kabla hatujawasha moto, alikuja jirani wa ng'ambo ya kijia. Anaitwa Mama Sifa. Ni mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima mwingine, na familia yake ilirudi kutoka Masisi, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha Kongo. Alikuja na makaa ya moto kwenye jiko na kikapu cha viazi kichwani. "Karibuni sana," alisema. "Huku iko baridi mingi, lakini watu iko muzuri." Baba alitabasamu, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nilimpenda mwanamke yule papo hapo, na nataka ulijue hilo kabla sijakueleza yaliyofuata.

Nilipanda mayungiyungi yako kesho yake, kuanzia mlangoni kwenda kwenye kijia, kama ulivyokuwa umeyapanga wewe. Shingo ibaki nje, ulikuwa ukiniambia, shingo na mabega kidogo, kama mtu aliyejifunika blanketi lakini anataka kusikia mazungumzo. Hivyo ndivyo nilivyoyapanda. Baba alikuwa amesimama na fimbo yake akihesabu kwa macho. Nilipomaliza aliingia ndani, akafungua begi, akatoa shati moja, akalifunga tena begi. Tangu siku hiyo ndivyo alivyoishi. Kila asubuhi anatoa nguo ya siku hiyo, na ikishafuliwa na kukauka anaikunja na kuirudisha begini, msafiri ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilimwekea kamba ya kutundikia nguo. Akatundika kofia.

Majani yalianza kuchipua vizuri. Halafu ikabidi nishuke mjini. Kuna wanawake wa mpaka wa Petite Barrière, wale wanaovusha mboga kwenda Goma, waliotaka kushonewa vitenge vya sare kwa ajili ya harusi ya mwenzao, na kazi ile ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Nililala kwa rafiki yangu huko mjini, mvua ikinyesha kila alasiri, na kila nikimpigia Baba simu alinijibu kwamba yote salama, hata bustani imesaidiwa. Sikuuliza imesaidiwa vipi.

Nikarudi. Mama, nilisimama kwenye kijia na mfuko wangu begani, nikatafuta maua yako nisiyaone. Badala yake kulikuwa na tuta. Tuta refu, limenyooka, limepigwapigwa pembeni kwa mgongo wa jembe, kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Majani machache ya manjano yalikuwa yamelala juu yake.

Baba alitoka barazani amefurahi. "Jirani amekusaidia," alisema.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana ilinichukua muda mwenyewe kuielewa. Huku kiazi kikianza kukua wanakipandishia udongo, wanafunika tena na tena, wenyewe wanaita gusukira. Kisipofunikwa jua linakipata, kinageuka kijani, hakiliki. Mtu wa Bugeshi anayeacha kitu cha chini ya ardhi kimechungulia nje anaonekana mvivu, na watu wanamsema njiani. Sasa Mama Sifa, kila akipita, alikuwa anaona safu nzima ya vitunguu vyetu vimetoa shingo kwenye mvua, na mwenye shamba hayupo. Akavumilia siku mbili tatu, akashindwa, akaja na jembe lake. Alivifunika vyote, kwa mpangilio na kwa roho safi, mpaka hakuna kilichobaki kikipumua. Halafu mvua ikanyesha juu yake wiki nzima.

Niliingiza mkono kwenye lile tuta. Nilikivuta kitunguu cha kwanza na kikabaki mkononi mwangu laini kama ndizi iliyosahauliwa, na harufu ile sitaki kukusimulia. Cha pili vilevile. Nilivuka kijia na udongo mikononi. Mama Sifa alikuwa anamenya viazi mlangoni kwake, na aliponiona alisimama kabla sijafungua mdomo.

"Ayi, dada, nini tena?" Nikamweleza ni nini tena. Akashika mashavu. "Mi nilionaka iko inje, mvua inaipiga, nikasema bon, Devota hayuko, acha nimusaidie. Viazi tunafanyaka hivyo! Mi sikujua, dada. Sikujua hata kidogo."

Nilimwambia kwamba mtu asiyejua huuliza. Nilimwambia kwamba yale hayakuwa viazi, yalikuwa ya mama yangu, na kwamba yeye amemzika mara ya pili. Niliyasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Najua ungenivuta sikio, lakini hukuwepo, na ndiyo sababu niliyasema.

Niliporudi, Baba alikuwa bado amesimama palepale. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nilidhani umemwagiza," alisema. "Nilikaa hapa nikamtazama anafukia mpaka mwisho. Nilimpa na maji ya kunywa, Devota." Halafu akaingia ndani, na nikasikia zipu ya begi.

Usiku ule sikulala vizuri, lakini asubuhi niliamka na hasira, na hasira ilinifaa kuliko machozi. Nilisema maua haya hayafi mikononi mwangu. Karagwe yalitoka yakafika, ziwani yalikaa miaka yote hiyo, halafu yafie Bugeshi kwa ajili ya wema wa jirani? Hapana. Kalisti akapiga simu, Baba alikuwa ameshamweleza. Akasema atakuja mwisho wa mwezi na gari. Nikamwambia aje atusalimie, lakini begi asiliguse. Akasema, "Dada, ni maua tu." Nikakata simu. Ni mara ya kwanza namkatia Kalisti simu, na nilijisikia vizuri sana.

Nikalibomoa tuta lote kwa mikono. Vitunguu vingi vilikuwa vimekwisha, wala sikutaka kujidanganya navyo, nikavitupa mbali ili visiviambukize vingine. Vilivyobaki nilivileta jikoni nikavikagua kimoja kimoja. Ulikuwa ukisema kitu cha kutazama ni kitako, pale mizizi inapotokea. Kitako kikiwa kigumu, mengine yote yanaweza kukatwa. Basi nikachemsha wembe wangu wa kufumulia nguo, nikaanza kukata. Nilikata tabaka la kahawia nikakuta la kahawia, nikakata tena, nikaendelea mpaka nione nyeupe. Vingine vilikuwa vikubwa kama ngumi na vikabaki kama kitunguu saumu. Mimi ni fundi nguo, ninajua kwamba ukiogopa kukata hushoni kitu.

Kisha nikavipaka jivu la jikoni kila mahali palipokatwa, nikavipanga juu ya ule ukuta wa mawe ya volkano ulio chini ya upenu wa nyumba, upepo upite chini yake na mvua isivifikie. Kuvigeuza hakukuwa kazi yangu. Sikumwomba Baba, Mama. Niliamka nikamkuta amesimama pale na koti lake, anavigeuza, anavibonyeza kwa kidole gumba, ananiambia hiki bado kigumu, hiki kina wasiwasi. Yeye! Siku moja nilimsikia anakiambia kimoja kwa Kinyarwanda cha mapadri kwamba tunakiomba kijitahidi. Nilirudi ndani polepole asinione.

Mama Sifa hakuja tena kwetu. Alimsalimia Baba kutoka kijiani, macho chini, haraka haraka, na mimi nikijifanya nashona. Viazi alivyokuwa akituachia mlangoni vikakoma. Nilikuwa na haki yangu ya kukasirika, na niliishikilia vizuri, ila nitasema ukweli, nyumba ilikuwa kimya sana bila ile sauti yake.

Mvua zilipopungua nikavipanda tena, vilivyosalia, na havikufika hata nusu ya kijia. Safari hii nilivizungushia mawe, jembe la mtu lisiingie kwa bahati mbaya wala kwa wema. Shingo nje, mabega nje. Nilivimwagia maji kidogo sana. Kalisti alikuja mwisho wa mwezi kama alivyosema, akakaa barazani, akatazama shingo zile kavu zilizopakwa jivu, akanitazama mimi. Baba akamwambia, "Bado sijajua. Njoo tena baadaye." Kalisti akarudi Kigali peke yake, na mimi nikajua nimepata muda tu, sijapata jibu.

Kusubiri kuligeuka kuwa kazi. Asubuhi Baba anapita na fimbo kutoka mlangoni mpaka mwisho wa mawe, anarudi, anatikisa kichwa, anakunywa chai. Mimi ninatazama uso wake kabla ya kutazama maua. Nikikuta amekunja nguo zake vizuri kuliko kawaida, namchelewesha kwa kikombe cha pili cha chai. Vitunguu viwili viliota jani. Kimoja kikaoza hata hivyo, nikakitoa kabla Baba hajaamka. Vingine vilikaa tu pale kama mawe mengine.

Halafu kimoja, kile cha karibu na mlango, kikatoa ncha. Nilidhani ni jani. Baba akainama, akaitazama, akaniambia jani haliwi nene hivyo. Alikuwa sahihi. Mama, yule mtu alikuwa anakutazama miaka yote ile ukiwa umeinama kwenye kijia chako, na alikuwa anaelewa kila ulichofanya, na mdomo wake ukisema vitunguu visivyolika! Bua lile lilipanda kidole kwa kidole mpaka likafika magotini, na kichwa chake kikapasuka asubuhi moja yenye ukungu. Maua mawili yenye midomo mipana, yametazama kila moja upande wake, na wekundu uleule wa maua yako. Katika weusi wote ule wa udongo ulikuwa unaonekana kutoka barabarani. Mtu wa pikipiki alipunguza mwendo.

Nilimwita Baba. Alikuja na kofia mkononi. Alilizunguka bua mara mbili. Akasema tu, "Mh." Akavaa kofia yake akaingia ndani. Nilikaa siku nzima kwenye cherehani nikishona mstari uliopinda, nikijiuliza ile "mh" ni ya kukaa au ya kuondoka.

Kesho yake nilikwenda kuteka maji. Niliporudi bua lilikuwa limekatwa. Limekatwa kwa kisu, sawasawa, utomvu bado unatoka. Nililiweka dumu chini nikahisi moto unanipanda mpaka kwenye masikio. Nilifikiria watoto wa shule, nikafikiria kwamba nitavuka kijia kile na safari hii nitaongea mpaka Goma wanisikie. Na hapo nikamwona Baba. Alikuwa anatoka kwa Mama Sifa. Amevaa koti lake la kanisani na ile kofia, na amebeba kwa mikono miwili beseni lililojaa viazi.

"Baba, umefanya nini?" nilimuuliza. Sikumuuliza kwa adabu.

Akaliweka beseni barazani, akavuta pumzi. "Tutakaa na hawa watu, Devota," alisema. "Maua yatatoka tena."

Aliyasema kama mtu anayesema leo tule viazi. Halafu akaingia ndani kuvua koti. Mimi nikabaki nimesimama mbele ya bua lililokatwa, maua pekee niliyoyapigania miezi yote ile, yaliyokaa mlangoni kwetu siku moja tu, na nilikuwa bado na hasira, Mama, mdomo wazi, maneno yote ya hasira tayari, ndipo nilipoyasikia vizuri maneno yake. Tutakaa. Alikuwa amesema tutakaa.

Nilikaa chini palepale kwenye mawe. Ng'ambo ya kijia nilimsikia Mama Sifa anawafokea wajukuu wake, "Musiguse hiyo! Musiguse, ni ya marehemu!" Alikuwa ameyaweka maua kwenye dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa shingo, juu ya dirisha lake, upande wa nje, watu wote waone.

Beseni la jirani halirudi kwake tupu, hilo ulinifundisha kabla sijajua kusoma. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta cha kuliwekea. Unga ulikuwepo, sukari ilikuwepo. Nikarudi kwenye mawe yangu, nikachimba kwa vidole pembeni ya kile kilichotoa ua, nikakitenga kitoto chake kimoja, kigumu, chenye mizizi yake. Vilikuwa viwili tu, nami nikatoa kimoja. Nilikiweka kwenye beseni nikavuka kijia kabla sijabadilisha mawazo.

Mama Sifa alipokiona alifuta mikono kwenye kitenge mara nyingi sana. Hakutaka kukishika. "Hapana, dada. Mi nitakiua tena." Nikamwambia tutakipanda pamoja, hapo mlangoni kwake. Nilichimba mimi. Yeye alisimama karibu na mikono yake nyuma, anaishikilia mmoja kwa mwingine, kwa sababu nilipoacha shingo nje niliona vidole vyake vinataka kufunika. Tulicheka mpaka tukashikana. Nilimwomba anisamehe kwa yale maneno ya kukuzika mara ya pili, akasema, "Ile ilinichoma kweli," na akanisamehe, na jioni viazi vikarudi mlangoni.

Sasa ni hivyo, Mama. Vitunguu vyako vilivyobaki Bugeshi ni vichache, navijua kila kimoja. Wiki hii vingine vitatu vimetoa majani. Kalisti nimemwambia kile chumba apangishe mtu. Jumapili Baba anaongozana na Mama Sifa kwenda kanisani na wanabishana njia nzima kuhusu viazi, Baba huyu aliyezaliwa kwenye migomba. Anamjibu kwa Kinyarwanda cha mapadri. Nilipomsikia mara ya kwanza niliumia kidogo kwa niaba yako, halafu nikaona kwamba ungecheka.

Kaburi lako nimeliacha salama, wale wa parokia ya Nyamyumba wanalifagia, na nitashuka kila nikipata nafasi. Sitakuletea maua ya kukatwa. Nakuahidi kwamba kijia hiki nitakijaza mpaka barabarani, hata kama itanichukua miaka yote niliyobakiwa nayo, na kwamba Baba hatazeekea kwenye chumba kinachotazama ukuta. Atazeekea hapa, mbele ya watu wanaojua jina lake. Baridi nitaishinda, na wema wa majirani nitaujibu.

Pumzika sasa, Mama. Usituwazie. Baba yuko nyumbani.

Mwanao,
Devota